Nyumba Yangu na Zamu ya Bi Zuwena

Nasra mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na nakusikia unavyopigana na zipu ya begi. Nilikwambia chukua lile kubwa, hukutaka. Haya.

Ya blanketi, ya pilipili ya kusaga, ya kunipigia ukishuka treni, hayo nimeshayasema mpaka umetia vidole masikioni. Humu siyarudii. Barua hii ni ya jambo moja tu. Nataka kesho, ukienda chuo kikuu, utoke mlango huu bila ya kubeba kitu kisicho chako, na kitu hicho nilikubebesha mimi ulipokuwa na miaka tisa, mwaka ule nyumba hii ilipotaka kutuponyoka. Unajua ninachosema. Miaka tisa mimi na wewe tunakipita kando, kama watu wanaopita kando ya kisima kilichofunikwa kwa ubao.

Isome kwa sauti. Kiswahili cha kuandikwa kinakupa tabu, najua, lakini kikishaingia sikioni hakuna kinachokupita.

Kwanza nijisifu, maana hata ukinikataza nitajisifu. Mama yako niliishia darasa la saba. Nilipokuja Landani nilifanywa mtu wa kupiga deki wodi za hospitali, na wodi zangu ungeweza kulia chakula chini. Baba yako aliponipa talaka akaenda zake Dubai, watu walisema, Maryamu huyo, sasa atarudi Unguja na mtoto begani. Nilirudi? Niliinunua fleti hii kutoka kaunsili, baraza la mji lenye nyumba hizi, kwa bei ya punguzo wanayopewa wapangaji wa zamani, kwa mkopo wa benki wenye jina langu peke yangu. Katika wanawake wetu wote, wa hapa Thamesmead mpaka wa Stratford, wa mwanzo kuitwa mwenye nyumba ni mimi. Nilisomesha maulidi, nikapika biriani ya watu sitini, na kila aliyeingia nilimtembeza mpaka kwenye swichi za taa. Hii yangu, na hii yangu.

Bi Zuwena, wewe ukimwita Khalati, ndiye aliyenikata maneno. "Shoga, na choo nacho chako? Au tukikitumia tutadaiwa?" Watu walicheka mpaka mwenye dufu akaliweka chini. Ndivyo alivyokuwa. Tulifika nchi hii mwaka mmoja mimi na yeye, tukalala chumba kimoja, tukavaa koti moja kwa zamu. Mama yake alibaki Pemba, Wete, na kila akipata senti mbili alizungumza habari ya kwenda kumwona.

Sasa nikwambie kosa langu la mwanzo, ambalo ni la ujinga, na ujinga sioni haya kuutaja. Nilidhani nyumba ukishainunua umemalizana na watu. Kwetu mtu akishanunua, ni yeye na Mungu wake. Kumbe fleti hapa unanunua miaka ya kukaa. Jengo lenyewe, kuta za nje, ngazi, lifti, paa, lina wenyewe, na wenyewe hao kila mwaka huigawa gharama yake mlango kwa mlango. Wanaiita savis chaji. Bima ya jengo, taa za ngazini, mtu wa kufagia. Usipolipa, wanaweza kwenda mahakamani kuuvunja mkataba wako, na ukivunjwa, nyumba inarudi kwao na mkopo wa benki unabaki shingoni mwako. Haya yote yalikuwa yameandikwa katika karatasi nilizotia saini. Nilitia saini nikitabasamu.

Barua ya mwanzo ulinisomea wewe. Ulikuwa karani wangu, kama watoto wa wenzetu wote walivyokuwa makarani wa mama zao. Ulisimama hapa jikoni na sare ya skuli, soksi moja iko chini, ukasema, "Mama, wanataka pesa ya kufagia ngazi."

Nilicheka. "Ya kufagia? Mimi? Hawajui kazi yangu?"

Nikanunua ndoo na dawa yenye harufu ya ndimu. Kila Jumamosi asubuhi nikafagia ngazi kuanzia mlangoni petu mpaka chini, kisha nikapanda na za juu, nikazipiga deki. Majirani wakinikuta wanasema asante, wakidhani mimi ndiye mfagiaji mpya. Halafu nikakukalisha, nikakwambia andika: Bwana mpendwa, mama yangu anafagia ngazi mwenyewe, tena vizuri kuliko mtu wenu, huyo mpeni kazi kwengine.

"Niandike kweli?"

"Andika. Na waambie waje wakague."

Walijibu kwa adabu kubwa. Walinishukuru kwa kufagia, na chini yake wakaandika deni lilelile.

Ikaja na ya paa. Nikasema, paa linanihusu nini? Sisi ghorofa ya kwanza, juu yetu wako watu ghorofa tatu nzima, wacha wavuje wao kwanza. Barua ile nikaikunja nikaitia ndani ya sufuria langu la shughuli, lile lililokuwa likikaa juu ya kabati. Na iliyofuata nikaitia humo. Miaka miwili sufuria lile halikwenda harusini. Mtu akitaka kuliazima nasema limetoboka.

Na hapa ujinga unakwisha, mwanangu, linaanza jingine. Maana mwaka wa pili nilishajua. Hakuna aliyenifahamisha, nilijua mwenyewe, kwa jinsi bahasha zilivyobadilika. Kwanza zilikuwa na jina langu vizuri, Bibi fulani, kisha zikawa na namba kubwa kuliko jina. Nilijua kama mtu anavyojua jino bovu, halafu akatafunia upande wa pili. Ningemwambia nani? Wenzangu niliowatembeza mpaka kwenye swichi? Ningesema nini, kwamba mwenye nyumba ni mdaiwa? Wakati ule mimi pia nilikuwa kijumbe wa mchezo wetu wa upatu. Wanawake kumi na wawili, na mimi nimo, kila mwisho wa mwezi wananiletea mimi pauni mia mia, namkabidhi mwenye zamu yake. Kwa nini mimi? Kwa sababu, walisema, Maryamu ana kwake, hahami.

Mwisho wa mwezi ule wa Oktoba zamu ilikuwa ya Bi Zuwena. Alikuwa keshasema hana haraka, atachukua mwezi ujao, anataka kukata tiketi ya baadae, skuli zikifungwa. Pesa zilikuwa kabatini mwangu, ndani ya mtandio wa kijani. Jumamosi ikaja barua ya wakili. Ile nilikupa uisome kwa sababu bahasha yake ilinitia baridi. Ulisoma kimya kwanza. Uso wako, Nasra. Kisha ukasema kwa Kiingereza chako kwamba wanatoa siku kumi na nne, tusipolipa wataiomba mahakama iwarudishie nyumba. Ukauliza, "Tutakwenda kukaa wapi?"

Nikakwambia hatuendi popote. Jumatatu nikaufungua mtandio.

Nilijiambia naazima. Wiki tatu, nikifanya zamu mbili mbili hospitali, itarudi. Nikazipeleka mwenyewe mkononi ofisini kwao, pesa za Bi Zuwena na mia mbili zangu, nikaziweka mbele ya kijana wa kike nyuma ya kioo. Alizihesabu. Akaniandikia risiti. Kisha akaniambia, bila ubaya wowote, tena kwa huruma, kwamba ningepiga simu tu. Ningeomba kulipa kidogo kidogo kila mwezi wangekubali, watu wengi wanafanya hivyo, hata ilipofika kwa wakili.

Neno lile nilikaa nalo miaka tisa bila ya kumwambia mtu. Nilirudi nalo ndani ya basi na risiti kifuani. Nyumba ilikuwa imenusurika, na ingenusurika hata bila ya pesa ya mtu. Nilichotakiwa ni kusema sina.

Jumatano simu ikalia. Ulipokea wewe. Alikuwa Bi Zuwena, mama yake kazidiwa, ndugu zake wamempigia, aje haraka. Anataka zamu yake leo akate tiketi. Ulibana simu kifuani ukaniambia. Nikakutikisia kichwa. Ukanitazama hukufahamu, nikakuonesha kwa mkono, nikakuundia kwa midomo: hayupo.

"Mama hayupo, Khalati."

Alhamisi tena. "Mama hayupo, Khalati." Safari hii hukungoja nikufundishe.

Mimi siku zile nilikuwa nazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Niliomba mkopo kazini, wakasema jaza fomu. Nilikwenda kuuza bangili zangu mbili, wakanipa nusu ya nusu. Kitu kimoja sikukifanya. Sikumwambia Zuwena kweli. Na hicho ndicho ninachokisaga moyoni kila siku, kwa sababu angejua pesa haipo, angekopa kwa wengine kumi akaondoka kesho yake. Wangempa, nani asingempa? Aliamini iko kabatini kwa rafiki yake, anangoja mlango ufunguliwe tu. Kungoja ndiko kulikomkosesha.

Ijumaa hakupiga simu. Alikuja.

Ilikuwa mchana, umerudi skuli mapema. "Hodi! Hodi, Maryamu!" Hodi ya Kipemba, ya kuvuta. Mimi na wewe tulikuwa ukumbini hapo, hatua mbili kutoka mlangoni. Nilikushika bega. Akabisha tena. "Hodi jamani! Nasra!" Akainama, akafungua tundu la barua lililoko chini mlangoni, na wewe, mtoto uliyefundishwa kwamba mtu akipiga hodi haachwi nje, ulichutama mbele yake. Nikasimama nyuma yako, nimeganda ukutani.

"Nasra, mwanangu, mama yupo?"

Nilikufinya bega.

"Hayupo, Khalati."

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Tundu likabaki wazi muda. Kisha likafungwa taratibu, kama anayeogopa kukubana vidole. Tulizisikia hatua zake ngazini, ngazi zangu, nilizozifagia.

Jumapili alipata pesa kwa tajiri wake wa dukani. Jumatatu alipanda ndege. Jumatatu hiyohiyo asubuhi mama yake alizikwa Wete, yeye yuko juu angani hajui. Waliokuwepo walisimulia kwamba bibi yule siku zake za mwisho alilala kaelekea mlangoni, na kila mlango ukisukumwa anauliza, "Zuwena huyo?" Wakimwambia siye, anasema, basi yuko njiani.

Bibi huyo sikumwona hata picha yake, lakini namjua sauti. Nikiwa nakosha vyombo namsikia. Tundu la barua likilia asubuhi, ikianguka karatasi ya tangazo la piza, namsikia. Nasra, naapa tangu hapo sijachelewa kulipa hata siku moja, risiti zote ninazo, mwenye jengo hana mdaiwa mzuri kama mimi, na kila nikilipa namsikia anauliza. Zuwena huyo?

Bi Zuwena aliporudi nilimpa zamu yake kamili. Nilimwambia nilikuwa kazini, zamu mbili mbili, mtoto hakunipa habari.

Ndiyo. Nilisema hivyo. Mtoto hakunipa habari. Ulikuwa umekaa hapo kwenye kochi, ukasikia. Ulinyanyuka ukaenda chumbani kwako, na tangu siku ile sijasikia neno la Kiswahili kutoka mdomoni mwako. Nasema na wewe kwa lugha yangu, unanijibu kwa lugha ya skuli. Wenzangu wanasema watoto wote wa huku ndivyo walivyo, na mimi naitikia, ndiyo, ndivyo walivyo. Lakini wao watoto wao waliacha kidogo kidogo. Wewe uliacha siku moja, na mimi najua siku gani.

Na Bi Zuwena akija, unakimbilia chumbani. Miaka tisa. Naye haachi kuja. Kila Idi, kila mwezi mara moja mbili, anakaa, anakula, anasifu pazia, anauliza, "Nasra yupo?" Nasema anasoma. Nilidhani hajui. Niliona Mungu kanifunika.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Stratford. Nilimkuta Bi Zuwena nyuma ya duka anakofanya kazi, anafungua maboksi. Akaniangalia mikono.

"Leo mikono mitupu? Hata kisahani cha visheti?"

"Leo nimekuja na maneno, shoga."

Akaweka kisu cha maboksi chini. "Mapya, au ya miaka tisa?"

Nikakaa juu ya boksi. Nikamwambia yote, mtandio, wakili, yule kijana wa nyuma ya kioo. Alisikiliza huku anakunja makaratasi. Nilipofika kwenye tundu la barua akanikatiza.

"Nilikuona miguu."

"Nini?"

"Nyuma ya mtoto. Miguu yako, Maryamu. Ulikuwa na hina ya harusi ya wiki ile. Nilikuona miguu, na nilimwona mtoto macho. Sikujua nitazame kipi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nilikuwa na mama wa kumlilia. Sikuwa na nafasi ya kukulilia na wewe."

Nikamuuliza, basi miaka yote hii ukija kwangu ulikuwa unakuja kufanya nini, kunitesa? Alicheka, kicheko chake kilekile cha siku ya maulidi, lakini hakikufika machoni. "Kukutesa! Una makuu wewe mwanamke, kila kitu unadhani chako. Nilikuwa nikija kumtazama mtoto. Nikasema, siku atakayokaa sebuleni akanitazama usoni nitajua mama yake kamwambia si kosa lake. Miaka tisa nakula visheti vyako vigumu, nangoja. Sasa nasikia anaondoka, na bado anakimbia."

Nilimwomba radhi. Nilitaka kumshika mguu, akanizuia kwa goti. Akasema, "Msamaha wangu niachie mwenyewe, nitautoa nikiwa tayari, na pengine nisiwe tayari. Nenda kamalizane na mtoto."

Ndiyo maana nakuandikia, na nimechana karatasi nne kabla ya hii. Wewe utakuwa mfamasia, mtoto wa Maryamu mpiga deki, utavaa koti jeupe, watu wazima watakusogelea na karatasi zao uwasomee, na mimi nitamwambia kila abiria ndani ya basi. Siku moja utanunua nyumba. Bahasha zitakuja. Sikufundishi kulipa, kulipa unakujua kuliko mimi. Nakwambia tu nilivyokuwa mimi siku ile nilipokuwa na jengo zima la kuogopa nikamweka mtoto mbele yangu. Kama utakuwa huna, sema huna, wewe mwenyewe, kwa aliye mbele yako, na mapema. Haya yake ni ya siku moja. Nilitaka kuikwepa siku hiyo moja, ona imenifikisha wapi.

Na lile neno hukulisema wewe. Mdomo ulikuwa wako, neno langu. Ukiulizwa na yeyote, hapa au huko tutakakoulizwa sote, nitaje mimi.

Nimemwomba Bi Zuwena aje kesho saa mbili asubuhi, kabla ya teksi. Amekubali. Atapiga hodi. Nitafungua mimi. Nakuomba usiende chumbani, Nasra. Kaa hapo kwenye kochi, hata kama utatazama chini, hata kama hutosema neno kwa lugha yoyote. Nitasimama kati yenu nimwambie, wewe ukisikia, kwamba simu mbili zile na siku ile ya mlangoni, mama alikuwepo.

Mama yako,
Maryamu